Nani Analipa Glasi Iliyovunjika? Gharama za Biashara Ndani ya Mfuko wa Mhudumu wa Mgahawa

Mada kwa semina ya wamiliki, mameneja na wahudumu wa migahawa na baa, Dar es Salaam

1. Utangulizi



Semina za sekta yetu zina kichwa kimoja kinachorudi kila mwaka: huduma kwa mteja. Mtoa mada hufundisha namna ya kusalimia, kushika trei, kumtazama mteja usoni na kutabasamu. Wahudumu huandika, hupigwa picha ya pamoja, hupewa cheti. Mwezi unaofuata mteja yuleyule wa Sinza au Mikocheni analalamika kwamba ameita mara tatu hajasikilizwa, supu imefika imepoa na chenji haijarudi. Ndipo huja ile kauli ambayo sote tumeisikia, kwamba Watanzania hawajui kuhudumia.

Kauli hiyo siikubali. Wengi wa wahudumu wetu wamelelewa katika nyumba ambamo mgeni hutafutiwa kiti na maji kabla hajaulizwa kilichomleta. Ukarimu wanaujua tangu utotoni. Tujiulize kinachowapata kati ya nyumbani kwao na meza namba saba.

Hoja yangu ni moja. Mgahawa ni biashara yenye hatari nyingi: glasi huvunjika, mteja hutoroka, mvua hunyesha Ijumaa jioni, gesi hupanda bei. Hatari hizo ni za mwenye mtaji, kwa kuwa faida ikija ni yake. Katika migahawa na baa zetu nyingi, hatari hizo zimeteremshwa moja baada ya nyingine hadi kwa mtu anayelipwa kidogo kuliko wote ukumbini. Kero nyingi za mhudumu, na huduma mbovu nyingi anazolaumiwa nazo, zinaanzia hapo.

Nitazungumzia Tanzania Bara, na zaidi migahawa na baa za kawaida kuliko hoteli kubwa za kitalii. Zanzibar ina sheria yake ya kazi, na nitaigusa kwa kupita tu. Hesabu za matumizi nitakazotoa ni za makadirio. Kila mshiriki aweke za kwake tuone kama jibu linabadilika sana.

2. Hesabu ya mwezi mmoja

Amri ya Mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, iligawa sekta ya hoteli katika makundi matatu. Hoteli kubwa za kitalii ziliwekewa kima cha chini cha shilingi 300,000 kwa mwezi, hoteli za kati shilingi 180,000, na migahawa, nyumba za wageni na baa shilingi 150,000. Amri ya 2013 ilikuwa imeweka kundi hilo la mwisho kwenye shilingi 130,000. Kwa hiyo katika miaka tisa hivi mshahara wa chini wa mhudumu uliongezeka kwa shilingi 20,000. Amri ya 2025, inayotumika tangu Januari 2026, imepandisha viwango vya sekta binafsi. Hata hivyo nimefanya hesabu kwa kima cha 2022, kwa sababu hali tunayoizungumzia ilijengeka chini ya kima hicho. Kima kipya kinabadilisha mstari wa kwanza wa hesabu. Mistari inayofuata inabaki palepale.

Tumchukue mhudumu anayeingia saa nane mchana na kutoka saa sita usiku, siku sita kwa wiki, akipewa saa moja ya kupumzika. Hizo ni saa tisa za kazi kwa siku, saa 54 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na kila saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Shilingi 150,000 kwa mwezi ni takriban shilingi 769 kwa saa. Saa tisa za ziada kila wiki zinampa mhudumu huyu kama shilingi 45,000 kwa mwezi juu ya mshahara wake. Saa za usiku, zinazohesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, zinaongezewa asilimia 5. Kwa saa nne za kila usiku ni kama shilingi 154, yaani karibu shilingi 4,000 kwa mwezi mzima.

Sasa matumizi. Kwenda kazini anapanda daladala mbili, tuseme shilingi 1,000. Saa sita usiku daladala ni za kubahatisha na njia zina vibaka, kwa hiyo anarudi kwa bodaboda. Tukadirie shilingi 3,000, na wanaokaa Mbagala au Gongo la Mboto watanicheka kwa kukadiria kidogo. Jumla ni shilingi 4,000 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 104,000. Kama ameandikishwa NSSF, mchango wake wa asilimia 10 ni shilingi 15,000. Kutoka shilingi 150,000 anabaki na shilingi 31,000. Hajalipa kodi ya chumba, hajanunua unga, hajamtumia mtoto aliyemwacha kwa bibi yake Singida.

Tazama zile shilingi 45,000 za saa za ziada: ndizo kodi ya chumba. Mwajiri asiyeandika saa za ziada, kwa madai kwamba kazi ya mgahawa ndivyo ilivyo, anachukua kodi ya chumba ya mfanyakazi wake kila mwezi. Nyongeza ya usiku nayo, hata ikilipwa yote kwa mwezi mzima, haitoshi bodaboda mbili. Aliyeamua mgahawa ufungwe saa sita usiku ni mwenye mgahawa, na mauzo ya saa mbili za mwisho ni yake. Gharama ya kurudi nyumbani kutokana na uamuzi huo inabebwa na mhudumu.

3. Makato: glasi, shoti na mteja aliyetoroka

Ukitaka kuwasikia wahudumu wakizungumza kwa uchungu, usiwaulize kuhusu mshahara. Waulize kuhusu makato.

Glasi ikivunjika, mhudumu anakatwa. Sahani ikipata ufa, anakatwa, na bei inayokatwa aghalabu ni ya sahani mpya wakati iliyovunjika ilikuwa na miaka mitatu. Mpishi akikosea oda na mteja akakataa kula, kuku yule anaandikwa jina la mhudumu. Hesabu za kaunta zikipungua usiku, ile shoti hugawanywa kwa wote waliokuwa zamu, pamoja na ambaye hakugusa fedha. Aliyechelewa dakika kumi kwa sababu ya foleni ya Ubungo anapoteza nusu siku.

Katika baa utaratibu ni mkali zaidi. Mhudumu huchukua vinywaji kaunta kwa jina lake, na kuanzia hapo vile vinywaji ni deni lake. Mteja akilipa, deni limefutwa. Mteja akiaga kwamba anakwenda msalani na asirudi, deni limebaki. Meza moja ya marafiki wanne ikiondoka na bili ya shilingi 40,000, mhudumu amepoteza mshahara wa zaidi ya wiki nzima ya kazi. Kwa maneno mengine, kila jioni anawadhamini wateja wa baa, naye hapati hata senti ya faida inayotokana na dhamana hiyo.

Sheria imeligusa jambo hili waziwazi. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu makato ya hasara kwa masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri ampe kwa maandishi maelezo ya chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi deni lilivyokokotolewa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kutosha ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yote yasizidi robo ya ujira wake wa fedha, ambayo kwa mshahara wa shilingi 150,000 ni shilingi 37,500 kwa mwezi.

Pima makato ya mgahawa wako kwa masharti hayo. Kugawanya shoti kwa watu wote kunaanguka kwenye sharti la kwanza, kwa kuwa kosa halijaonyeshwa ni la nani. Mteja aliyetoroka anaanguka hapohapo, labda ithibitishwe kwamba mhudumu alijua na akanyamaza. Kukata bila karatasi kunaanguka kwenye sharti la pili. Ninachoogopa ni kwamba tukiondoa makato yote yasiyotimiza masharti haya, migahawa mingi itabaki bila kato hata moja.

Makato yana madhara mengine ambayo wamiliki huyaona bila kuyaunganisha na chanzo chake. Mhudumu aliyekatwa bila haki hurudisha chake kwa njia zake. Anaongeza cha juu kwenye bili ya mteja aliyelewa. Anaingiza soda aliyonunua dukani na kuiuza kwa bei ya baa. Anaelewana na mtu wa jikoni, mishikaki mitatu inatoka bila kuandikwa. Sitetei wizi; mwizi ni mwizi. Ila mwajiri aliyetangulia kuchukua fedha isiyo yake mwisho wa mwezi amewafundisha watu wake kwamba katika nyumba hii kila mtu hujichukulia. Baada ya hapo anaajiri mlinzi wa kumkagua mhudumu mkoba, na ile gharama ya mlinzi hailinganishi kamwe na bei ya glasi.

4. Bakshishi

Wapo wamiliki wanaosema mshahara ni mdogo kwa sababu mhudumu ana bakshishi. Hoja hii inahitaji jibu la makini, kwa kuwa ni kweli kwamba wahudumu wengi wanaishi kwa bakshishi kuliko mshahara.

Bakshishi ni zawadi ya mteja. Mkataba Namba 172 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1991 kuhusu mazingira ya kazi katika hoteli na migahawa, unaitambua kuwa fedha ambayo mteja humpa mfanyakazi kwa hiari juu ya anachotakiwa kulipa, na unataka mfanyakazi alipwe ujira wa msingi kwa vipindi vya kudumu, iwepo bakshishi au isiwepo. Mantiki yake ni nyepesi kuelewa. Mwajiri akihesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara, amemkabidhi mteja jukumu lake la kulipa, na mteja hana mkataba wowote na mfanyakazi huyo.

Marekani inatuonyesha njia hiyo inakoishia. Sheria ya shirikisho huko inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, mradi bakshishi ifidie pengo hadi kufikia kima cha chini cha kawaida. Kiwango hicho hakijabadilika tangu mwaka 1991. Mshahara unaotegemea ukarimu wa mteja hukosa mtu wa kuupigania, kwa sababu mwenye wajibu wa kuupandisha amekwisha kutoka kwenye hesabu.

Hapa kwetu bakshishi ina matatizo mawili zaidi. La kwanza ni msimu. Mhudumu wa Arusha au wa pwani ya Zanzibar hupata Julai na Desemba anachokula Aprili na Mei, masika ikinyesha na wageni wakiadimika. Zanzibar kuna pia mwezi wa Ramadhani, ambapo migahawa mingi ya wenyeji hufungwa mchana, na anayelipwa kwa siku hupoteza siku hizo. Mwenye mgahawa naye hupungukiwa msimu ukiwa mbaya, lakini yeye ana majira mazuri ya kufidia. Mhudumu anayerudishwa nyumbani hadi aitwe tena hashirikishwi katika majira hayo mazuri.

La pili ni la miaka hii. Zamani mteja alilipa noti ya shilingi elfu kumi kwa bili ya elfu nane na mia tano, akasema chenji ubaki nayo. Siku hizi analipa kwa lipa namba, shilingi 8,500 kamili, anaonyesha ujumbe kwenye simu na kuondoka. Akiwa mkarimu anatuma 10,000, na ile ziada inaingia kwenye namba ya mgahawa. Mwisho wa siku kaunta inakuta fedha imezidi. Je, mhudumu anarudishiwa? Nimeuliza swali hili kwa wahudumu wengi ninaowafundisha, na jibu lao la kwanza huwa ni kucheka. Mfumo wa malipo umebadilika na hakuna aliyekaa chini kupanga bakshishi ipite wapi.

Kenya kuna jambo la kujifunza. Sheria yao ya VAT imeacha nafasi kwa ada ya huduma isiyozidi asilimia 10 isitozwe kodi hiyo, kwa sharti kwamba igawiwe wafanyakazi moja kwa moja. Unaweza kubishana kuhusu kiasi, lakini utaratibu umeandikwa na mfanyakazi anajua cha kudai. Kwetu mteja akiona ada ya huduma kwenye bili hudhani inamwendea aliyemhudumia, na mara nyingi hana mahali pa kuthibitisha.

5. Kutabasamu kwa amri na mikono ya wateja

Mwaka 1983 mwanasosholojia wa Marekani Arlie Hochschild alichapisha kitabu kuhusu wahudumu wa ndege. Alieleza kwamba zipo kazi ambazo mwajiri hununua misuli ya mfanyakazi na hisia zake pia: anamlipa aonekane mchangamfu, awe amefiwa au anaumwa jino. Hiyo nayo ni kazi na inachosha kama kubeba kreti, ila haionekani kwenye ratiba wala kwenye mshahara.

Katika baa zetu kazi hiyo ina sura mbaya zaidi. Msichana wa zamu ya usiku anashikwa kiuno, anavutwa mkono, anaulizwa bei yake. Akijibu kwa ukali, mteja anamwita meneja. Meneja anasema, "Mteja ni mfalme, wewe mvumilie tu." Jumapili inayofuata yule msichana hapangiwi meza zenye wateja wazuri. Hesabu yake ni rahisi: akinyamaza anapata bakshishi, akijitetea anapoteza. Hapa tena hatari ni ya biashara. Baa imechagua kuuza pombe hadi usiku wa manane bila mlinzi ukumbini, na mwili wa mhudumu unabeba matokeo ya uamuzi huo.

Sheria ya Ajira, kifungu cha 7, inahesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi na inaukataza. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilikwenda mbali zaidi na kuingiza udhalilishaji wa kijinsia katika makosa ya jinai. Meneja anayemwambia mhudumu avumilie anamwomba avumilie kosa la jinai kwa ajili ya mauzo ya meza moja.

6. Jikoni na ukumbini

Kuna kero ambayo mteja haioni: ugomvi wa dirisha la jikoni. Mpishi anamfokea mhudumu, mhudumu anamfokea mpishi, mteja anaona uso ulionuna na kuhitimisha kwamba mhudumu ana dharau.

Mwanasosholojia William Foote Whyte alichunguza migahawa ya Chicago miaka ya 1940 na mwaka 1948 akachapisha kitabu juu ya mahusiano ya watu kazini humo. Alikuta wahudumu wa kike wakilia katikati ya zamu na wapishi wa kiume wakichelewesha oda kwa makusudi, kwa sababu walichukia kupokea amri kutoka kwa wanawake waliowaona wako chini yao. Dawa mojawapo ilikuwa kijiti cha chuma cha kuchomekea karatasi za oda. Mhudumu anaandika, anachomeka, anaondoka. Mpishi anachukua karatasi kwa mpangilio wake. Hakuna aliyempa mwenzake amri, na kelele zikapungua. Hakuna aliyehudhuria semina ya tabia njema.

Nimeuleta mfano huu kwa sababu unatufundisha pa kutazama. Mgahawa wenye oda za mdomo, dirisha moja na mpishi anayelipwa mara tatu ya mhudumu utazalisha ugomvi hata ukiajiri malaika. Kabla ya kumtuma mhudumu akajifunze adabu, nunua daftari la oda lenye nakala.

7. Upande wa mwajiri

Haki inataka niseme pia ya wamiliki, maana wapo hapa na wanayajua maumivu yao. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au mwaka mbele. Umeme ukikatika jenereta linakunywa mafuta. Kiwango cha kawaida cha VAT ni asilimia 18 kwa aliyesajiliwa, kuna leseni, afya, zimamoto, takataka, hakimiliki za muziki. Jirani asiyelipa hata moja kati ya hizo anauza chipsi kuku kwa bei ya chini barabarani. Mmiliki mdogo mara nyingi naye anasimama kaunta saa kumi na nne kwa siku.

Nakubali yote hayo, na bado hoja inasimama. Kodi ya pango, mafuta na VAT ni gharama ambazo mmiliki anaziona kwenye daftari, anazipangia bei na kuzijumuisha kwenye sahani ya wali. Glasi iliyovunjika na bodaboda ya usiku hazimo kwenye daftari hilo kwa sababu kuna mtu mwingine anayezilipa. Bei ya chakula inakuwa ndogo kwa uongo. Ushindani nao unageuka: anayewatendea haki watu wake anaonekana ghali.

Zaidi ya hapo, kuna gharama ambayo mmiliki anaibeba bila kuiandika. Mhudumu anaacha kazi baada ya miezi mitatu, anakuja mwingine asiyejua menyu, asiyemjua mteja wa kila Ijumaa, asiyejua kwamba meza ya kona haitaki muziki. Wamiliki wengine huziba pengo kwa wanafunzi wa field kutoka vyuo vya hoteli, wanaofanya kazi kamili kwa nauli au bila chochote, au kwa watu wa majaribio wa wiki mbili wasiolipwa. Ukumbi wa namna hiyo hauwezi kuwa na huduma nzuri, kwa sababu hakuna anayekaa kiasi cha kuifahamu kazi.

8. Sheria ipo, kwa nini haifiki mezani?

Mhudumu aliyedhulumiwa anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa migogoro mingine ni siku 60. Wanaokwenda ni wachache, na sababu zinajulikana.

Ya kwanza ni karatasi. Wengi hawana mkataba wa maandishi wala hati ya malipo; mshahara hutolewa mkononi au kwa simu na makato hutajwa kwa mdomo. Sheria inamtaka mwajiri atoe vyote viwili, lakini mhudumu hajui au anaogopa kuuliza. Ya pili ni muda. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali haumhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, na katika sekta ambayo watu hubadilika hivi, wengi hawafiki huko. Ya tatu ni upweke. Mgahawa una wahudumu wanane, kila mmoja anajua kuna vijana kumi nje wanaosubiri nafasi yake.

Chama cha wafanyakazi kinachohusika na hoteli, CHODAWU, kina nguvu zaidi katika hoteli kubwa, ambako wafanyakazi ni wengi na wako mahali pamoja. Lakini sheria haikuisahau migahawa midogo: sehemu ya kazi yenye wanachama mmoja hadi tisa ina haki ya kuwa na mwakilishi mmoja wa chama. Mwakilishi mmoja anayejua kifungu cha 28 anatosha kubadilisha namna makato yanavyofanyika katika mgahawa mzima.

9. Mapendekezo

Kwa wamiliki na mameneja:

(a) Andikeni saa. Daftari la kuingia na kutoka, likisainiwa na pande zote mbili, ndilo msingi wa malipo ya saa za ziada na ndilo litakalowalinda mkishtakiwa.

(b) Tengeni fungu la vyombo vinavyovunjika katika bajeti ya kila mwezi. Mhudumu akatwe tu pale uzembe umethibitishwa kwa maandishi, kwa bei ya chombo kilivyokuwa, na ndani ya robo ya ujira.

(c) Wateja wanaotoroka washughulikiwe kwa utaratibu: malipo kabla kwa meza kubwa za vinywaji, au mtu mmoja mlangoni. Mhudumu asifanywe mdhamini wa mtu asiyemjua.

(d) Zamu inayoisha baada ya saa nne usiku iwe na usafiri. Bajaji moja kwa wahudumu wanaoelekea upande mmoja ni nafuu kuliko kuajiri upya kila robo mwaka.

(e) Ziada inayoingia kwenye lipa namba iandikwe kwa jina la mhudumu wa meza hiyo na itolewe siku hiyohiyo. Ada ya huduma, kama ipo, ibandikwe ukutani inagawiwaje.

(f) Tamkeni hadharani kwamba mteja anayemshika mhudumu atatolewa nje. Mkimtoa mmoja, habari zitasambaa zenyewe.

Kwa wahudumu: tunzeni kumbukumbu zenu. Picha ya ratiba, ujumbe wa malipo, tarehe na kiasi cha kila kato. Madai ya mtu mwenye daftari yanasikilizwa tofauti na ya mtu mwenye hasira. Chagueni mwakilishi hata kama mko watano.

Kwa vyuo vya hoteli na VETA: fundisheni sheria ya kazi sambamba na upangaji wa meza, na msimpeleke mwanafunzi field mahali ambapo anachukua nafasi ya mtu aliyepaswa kulipwa.

Kwa maofisa kazi: ukaguzi wa saa tatu asubuhi hauoni chochote katika baa inayofunguliwa saa kumi jioni. Njooni usiku.

10. Hoja za majadiliano

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika migahawa yetu mgeni anakuja kila siku na mwenyeji anayempokea haponi, kwa sababu kila kinachoharibika kati ya jikoni na meza kinamrudia yeye. Ninaomba tuingie kwenye vikundi na maswali haya manne, na kila kikundi kijibu kwa tarakimu.

Kwanza, katika mgahawa wako mwezi uliopita, jumla ya makato ya wahudumu wote ilikuwa shilingi ngapi, na ni kiasi gani kati ya hicho kina karatasi iliyosainiwa?

Pili, kama fedha hiyo ingelipwa na mgahawa, bei ya sahani moja ya chakula ingepanda kwa kiasi gani? Fanyeni hesabu kwa idadi ya sahani mnazouza.

Tatu, wahudumu wangapi waliokuwepo mwaka mmoja uliopita bado wapo, na ilichukua muda gani kumfundisha kila aliyekuja baadaye?

Nne, ni pendekezo lipi kati ya yaliyotajwa linaloweza kuanza Jumatatu ijayo bila kusubiri mtu yeyote kutoka serikalini?

Kikundi kitakachopata jibu la swali la pili kwanza kiliandike ubaoni. Nadhani wamiliki watashangaa jinsi lilivyo dogo, na wahudumu watataka kujua kwa nini wamekuwa wakililipa wao.